Wasifu wa Nusu Ukurasa

Usiku wa pili wa msiba, baba mdogo aliniita chini ya turubai akanipa kalamu na karatasi mbili zilizochanwa kwenye kauntabuku. "Wewe ndiye mwenye mwandiko," alisema. "Tuandikie wasifu. Nusu ukurasa inatosha, padri hapendi maneno mengi."

Wasifu wa marehemu una njia yake, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye msiba wa Kikristo hapa Tanzania anaijua bila kufundishwa. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, mtoto wa ngapi kati ya wangapi. Alisoma akafika darasa fulani. Aliajiriwa, akahamishwa, akapanda cheo, akastaafu. Akaanza kusumbuliwa na presha. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Katikati ya hapo huchomekwa aya moja ya sifa, na hiyo ndiyo waombolezaji huitegea sikio, maana hayo mengine wanayajua. Mimi niliifikia aya ya sifa kabla ya saa sita usiku. Jogoo wa kwanza alipowika nilikuwa bado nipo palepale.

La kusema nilikuwa nimeshapewa. "Andika hivi," baba mdogo aliniambia kabla hajajilaza kwenye mkeka, "kazini alikuwa mkali, nyumbani alikuwa mpole." Nimeisikia sentensi hiyo kwenye mazishi ya maaskari wengi, na sisi tuliokulia kota za polisi tumeshazika wengi. Ni sentensi yenye huruma. Inamkata mtu katikati kama mkate: nusu moja inabaki kituoni pamoja na waliopigwa virungu, waliolala mahabusu, walioombwa kitu kidogo ili faili lisogee, nusu nyingine inarudi kwa wenyewe, na hiyo ndiyo inayooshwa, inavikwa suti na kuzikwa. Niliiandika. Kisha nikaipiga mstari mmoja, nikaweka herufi za jina langu pembeni.

Mstari huo mmoja nilifundishwa na yeye mwenyewe.

Baba aliingia Jeshi la Polisi mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Alikuwa na miaka 21 kwa kukadiria, kwa sababu bibi hakuandika tarehe popote. Alikumbuka tu kwamba ngoro za mwaka ule, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, zilikuwa zimeshapandwa maharage. Alitoka Umatengo, milimani Mbinga, akapelekwa Moshi kwenye chuo cha polisi, akavikwa kaptula ya kaki iliyotiwa wanga wa muhogo mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Mkuu wa jeshi wakati huo alikuwa Elangwa Shaidi, Mwafrika wa kwanza kukishika cheo hicho, na baba hakuwahi kulitamka jina lake bila kutanguliza neno Afande. Hata alipokuwa mstaafu wa kukaa kibarazani na singlendi, akimenya machungwa kwa ajili ya wajukuu, Shaidi aliendelea kuwa Afande Shaidi.

Moshi walimfundisha kwata, sheria na bunduki. Kilichomwingia hadi kwenye mfupa ni kitabu cha matukio. Kitabu hicho hukaa kaunta ya kituo, na kila kinachoingia au kutoka huandikwa humo: saa, nani, nini, amepokewa na nani. Mlevi ameletwa akiwa na jeraha juu ya jicho, amepewa PF3 aende hospitali. Baiskeli imepotea sokoni. Zamu ya usiku imepokea kutoka zamu ya jioni, mahabusu wanne, wote hai. Kurasa hazichanwi. Ukikosea hufuti, unapiga mstari mmoja ili lililokosewa liendelee kusomeka, kisha unaweka sahihi yako pembeni ili ijulikane ni nani aliyekosea na ni nani aliyesahihisha. Baba alitusimulia kanuni hii kama wengine wanavyowasimulia watoto habari za sungura na fisi.

Alipooa, mwaka 1970, akafungua kitabu cha matukio cha nyumbani.

Zimebaki kauntabuku 41, ndani ya sanduku la bati ambalo kifuniko chake bado kina namba yake ya uaskari kwa rangi nyeupe. (Askari asiye ofisa huishi na namba hiyo, hata mahakamani anapotoa ushahidi, hukumu huandika namba kwanza, jina baadaye.) Karibu kila ukurasa una mstari uleule: "Saa 2:15 usiku. Wote ndani. Mlango umefungwa." Katikati ya mistari hiyo ndimo yalimo maisha yetu. "Saa 10:05 jioni. Mama watoto amerudi sokoni. Hajambo. Nyanya ghali." "Saa 1:30 usiku. Mtoto wa kwanza amechelewa dakika 30. Sababu: mpira. Imekubaliwa." "Saa 3:00 asubuhi. Kuku mweupe hayupo. Uchunguzi unaendelea." Uchunguzi wa kuku yule uliendelea siku nne, na kwa taarifa ya msomaji, alikuwa ameatamia nyuma ya tangi la maji.

Mwaka 1994, nikiwa nyumbani likizo kutoka chuo cha ualimu, aliandika: "Saa 11:20 jioni. Kijana mrefu, shati jeupe, baiskeli ya kijani. Amepita mara tatu. Hakushuka." Kijana huyo ndiye aliyebeba jeneza upande wa kushoto, mbele. Miaka 28 ya ndoa haijamtoa woga wa kupita kwenye ile barabara.

Ukitaka kujua baba alihamishiwa wapi, huna haja ya kuuliza jeshi, tazama vyeti vyetu vya kuzaliwa. Dar es Salaam, Dar es Salaam, Shinyanga, Shinyanga, Tabora, Tanga. Ujumbe wa uhamisho uliingia leo, na baada ya wiki mbili familia nzima ilikuwa kwenye behewa la daraja la tatu pamoja na magodoro yaliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba za katani. Mama hakuwahi kununua kabati la kioo. Alisema kioo hakipendi reli. Shuleni kila mahali tulikuwa wageni kwa wiki moja, kisha tukawa watoto wa njagu. Yapo majina mengine, mwela, ndata, na wazee wa pwani wana lao la heshima zaidi, askari kanzu, kwa mpelelezi aliyejichanganya na watu akiwa amevaa kama wao. Njagu ndilo lililotuuma. Nakumbuka siku nilipogundua kwamba neno hilo na neno baba yanamhusu mtu mmoja. Nilikuwa darasa la kwanza, na nilidhani walimu wamekosea.

Shinyanga nimeipita haraka hapo juu kwa makusudi. Nirudi.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, serikali iliendesha operesheni ya kukomesha mauaji ya wazee, wengi wao wanawake, waliokuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, utadhani kuna mwanamke aliyepikia kuni na samadi kavu kwa miaka hamsini akabaki na macho meupe. Nia ya operesheni ile hakuna mwenye akili timamu wa kuikataa. Ila watu walikamatwa kwa makundi, wakateswa wakiwa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama, na baadhi yao wakafa humohumo. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akajiuzulu, na Peter Siyovelwa, waziri wa nchi, akajiuzulu, na wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaachia nafasi zao. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa wakafungwa. Kila inapozungumzwa habari ya viongozi kuwajibika kisa hiki hutolewa mfano: waziri aliyebeba mzigo wa kosa ambalo mkono wake haukulitenda. Waliokufa hawatajwi sana kwenye mfano huo.

Baba alikuwa konstebo Shinyanga mwaka ule. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na miezi. Kauntabuku ya 1976 ninayo hapa ninapoandika, na ukurasa ninaourudia ni huu:

"Saa 9:20 usiku. Mtoto wa tatu homa kali. Klorokwini nusu, imepondwa na sukari.

Saa 10:00. Bado.

Saa 10:45. Amepanguswa kwa kitambaa cha maji. Mama watoto amechoka, nimemwacha alale.

Saa 11:30 alfajiri. Joto limeshuka. Amekunywa uji vijiko vitatu.

Saa 12:10. Nimekwenda kazini."

Mtoto wa tatu ni mimi. Kazini ni wapi na kufanya nini, kitabu hakisemi. Nimepekua mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa, kama yeye alivyonifundisha kupekua. Kuna bei ya unga, kuna jino langu la kwanza, kuna barua kutoka Mbinga, kuna mvua zilizochelewa. Kuhusu ile kazi hakuna kitu, wala hakuna ukurasa uliochanwa. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na hili hakuliandika.

Mzee Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja, siku mbili baadaye. Baba alikuwa Kihonda, Morogoro, kwenye nyumba aliyoijenga kwa kiinua mgongo, amekaa mbele ya televisheni, fimbo imelala magotini. Watangazaji walikuwa wakisimulia maisha ya marehemu, wakafika 1977.

"Yeye alijiuzulu," baba alisema. "Sisi tulibaki."

Nilingoja. Nilikuwa na miaka 48, mwalimu mkuu msaidizi, na nilisikia moyo unanidunda kama mwanafunzi. "Baba, wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango gani, baba?"

"Zamu yangu ilikuwa mlangoni." Kisha akamwambia mjukuu aongeze sauti.

Hayo ndiyo yote niliyopata. Nimejaribu kuyageuza kila upande. Mlangoni maana yake hakuwa ndani. Mlangoni maana yake alisikia. Mlango una pande mbili na bawaba, na mtu aliyesimama hapo ndiye anayeufungua na ndiye anayeufunga. Kumhukumu sina ushahidi. Kumwachia huru pia sina ushahidi, na wenye haki ya kufanya mojawapo kati ya hayo wamelala makaburini Usukumani, au ni wajukuu zao nisiowajua. Ninachoweza kukitolea ushahidi ni kwamba mkono uliohesabu vijiko vitatu vya uji alfajiri ile ndio uliokuwa kwenye kitasa kile baada ya saa 12:10. Laiti angekuwa watu wawili. Kazi ya kuandika wasifu ingekuwa nyepesi, ningemwandika mmoja nikaenda kulala.

Kuna jambo moja zaidi la miaka hiyo, na sijui niliweke wapi. Baba hakuwahi kutupiga. Kotani mikanda ililia kila jioni, nyumba hii ikinyamaza ile inaanza, na hakuna aliyeona ajabu. Baba alikuwa akituhoji. Anakuweka kwenye kigoda, anakaa mbele yako, anakuuliza swali moja kwa njia tatu, anaandika majibu, anakusomea ulichosema, anakuuliza kama kuna unalotaka kuongeza au kupunguza, halafu unatia sahihi. Kaka yangu alikuwa akilia, "Baba nichape tu!" Hakuchapwa. Ukubwani nimejiuliza kama kuna kitu alikisikia kule mlangoni kilichomfanya asiweze tena kuinua mkono juu ya mtu mdogo kuliko yeye. Ni wazo linalonipendeza, na kwa sababu linanipendeza siliamini sana.

Vita ya Kagera ilikuja ikapita. Vikosi vya polisi navyo vilikwenda, na baba alikwenda. Alirudi koplo, na mguu uliokuwa ukiuma kila masika. Hakusimulia na sisi hatukuuliza, maana kila nyumba kotani ilikuwa na mguu wake.

Mwaka 1983 tulikuwa Tabora. Waliouishi mwaka ule wanaukumbuka kwa pua, ulikuwa mwaka usio na sabuni. Vita ilikuwa imekausha hazina, rafu za maduka zilikuwa tupu, na Machi mwaka huo Edward Sokoine, waziri mkuu, akaongoza vita nyingine, safari hii dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Watu waliokuwa na mali ndani waliingiwa na hofu wakazitupa usiku, mitoni, mashimoni, vichakani, ili tu wasikutwe nazo. Baba alikuwa kwenye upekuzi. Baada ya muda akakabidhiwa ufunguo wa chumba cha vielelezo, yaani chumba chenye sukari, vitenge, mafuta ya kula, betri za redio na sabuni, magunia na makatoni mpaka darini.

Nyumbani tulifulia majani ya mpapai. Unayaponda kwenye jiwe, unayasugua kwenye nguo, yanatoa povu jembamba la kijani, na nguo ikikauka haiwi safi, inakuwa imechoka tu. Chai tuliinywa chungu. Mama alikuwa na mtoto mchanga na nepi za kufua kila siku, na jioni moja uvumilivu ukamwishia. Hakupandisha sauti, si desturi yake. Alimwekea baba kikombe mezani akasema, "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi."

Baba alikunywa ile chai yote. Halafu akajibu, "Pakacha langu halivuji," akaenda kufunga mlango na kuandika saa 2:15.

Maneno hayo nimeyasimulia maisha yangu yote. Nimewasimulia wanafunzi wangu kwenye somo la uraia, nimewasimulia wanangu walipotaka kuniibia chenji, niliwahi kuyasimulia kwenye basi kwa abiria aliyekuwa akiwatukana matrafiki tangu Chalinze. Na ninapoyasimulia huwa naruka kipande. Naruka kwamba shuleni nilikuwa nanuka, na kwamba usiku ule nilimchukia baba kwa chuki safi kabisa ya mtoto wa miaka minane, kwa sababu mita mia tatu kutoka kitandani kwangu kulikuwa na sabuni ya kuufulia mji.

Naruka na habari ya duka la mtaa wa pili. Mwenye duka alikuwa na mtoto aliyekaa nami dawati moja darasa la pili. Alikuwa akiniazima kifutio, na hakuwahi kuniita njagu. Mei au Juni wapekuzi waliingia dukani kwao usiku, wakakuta makatoni ya sabuni nyuma ya magunia ya pumba, na baba alikuwa mmoja wa walioyabeba. Ni mara chache sana kazi iliingia kwenye kitabu cha nyumbani. Usiku ule iliingia. Nadhani aliiandika kwa sababu tulikuwa tunawafahamu, mama alikuwa akikopa kibiriti pale. Mwenye duka alikaa ndani miezi kadhaa, akatoka amekonda, na duka halikufunguliwa tena. Kwenye dawati langu nikakaa peke yangu.

Mengine ni ya haraka. Tanga, Dodoma, Morogoro. Sajenti, stesheni sajenti. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ilipotoa ripoti yake kuhusu rushwa na kulitaja Jeshi la Polisi miongoni mwa mahali ilipoota mizizi, baba alinunua gazeti, akalisoma mara mbili, na kitabuni aliandika: "Saa 12:00 jioni. Nimesoma gazeti. Kweli." Alistaafu mwaka 2002. Alifuga kuku wa mayai, wakafa kwa kideri, akafuga tena. Aliwashonea wajukuu sare za shule kwa cherehani ya mama, mishono iliyonyooka kama gwaride, na kila mwaka mpya wa shule alichukua vipimo vyao na kuviandika, hivyo tuna rekodi ya urefu wa kila mtoto kwenye ukoo huu mpaka Januari 2024. Uhakiki wa wastaafu ulipotangazwa alipiga pasi shati, akapanga foleni kwenda kuthibitisha kwamba yu hai, na safari moja alibeba kauntabuku chini ya kwapa kama kielelezo. Karani hakukihitaji. Alirudi amenuna.

Alifariki Desemba, alfajiri, akiwa nyumbani. Kitabu cha mwisho kinaishia siku tatu kabla: "Mkaa umeletwa. Gunia halijajaa."

Kwa hiyo, jogoo wa pili alipowika niliandika aya ya sifa kama nilivyoweza. Niliandika kwamba marehemu alihesabu watu wake kila usiku saa 2:15 kwa miaka 54. Niliandika kwamba alikuwa mtu yuleyule kituoni na nyumbani. Baba mdogo aliisoma kwa mwanga wa simu, akaisoma tena, akaniuliza, "Hii ya mwisho ni sifa au ni nini?" Nikamwambia iache ilivyo. Padri aliisoma bila kupunguza wala kuongeza, na kina mama wakaitikia kwa kuguna kama wanavyoitikia kila kitu. Kituo cha jirani kilituma askari wawili, mvulana na msichana, yule msichana pengine alizaliwa mwaka baba alipostaafu. Walisimama mbele ya jeneza wakapiga saluti, buti zikagonga udongo kwa pamoja. Mama, ambaye alikuwa hajalia tangu alfajiri ile ya kwanza, alilia hapo.

Tuliporudi kutoka makaburini, nilimkuta mgeni kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya rambirambi. Mwanamume wa rika langu, nywele zimepungua, kanzu nyeupe, kikoti. Alikuwa amekuja kwa treni ya umeme kutoka Dodoma, anakofanya kazi. Alijitambulisha kwa jina la ukoo, nikabaki namtazama, kisha akafanya ishara ya kufuta kitu juu ya meza kwa kidole, nami nikamjua. Kifutio.

Alisema aliona tangazo kwenye kundi la simu la waliosoma Tabora. Alisema baba yake alifariki zamani, 1991. Alikula, alitoa mchango wake ukaandikwa, aliuliza habari za ndugu zangu kila mmoja kwa jina, na alikumbuka majina ambayo mimi sikutarajia. Nikaona anaanza kutafuta viatu vyake. Kisha akakaa tena.

"Ile sabuni," aliniuliza, "iliishia wapi?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia kuna kitabu. Niliingia ndani, nikafungua sanduku la bati, nikarudi na kauntabuku ya 1983. Alivaa miwani. Nilimwonyesha mstari kwa kidole: "Sabuni ya kufulia, miche 61. Kielelezo. Imefungiwa. Ufunguo ninao."

Aliusoma polepole. Akageuza ukurasa, akarudi.

"Marehemu baba alituhesabisha mimi na kaka siku ile mchana," alisema. "Makatoni matatu, kila moja miche 24. Nilikuwa na miaka minane lakini kuhesabu nilikuwa najua. Ilikuwa 72."

Walioingia dukani usiku ule walikuwa watano au sita. Kutoka duka lile hadi kituoni ni giza tupu na barabara ndefu. Niliyasema hayo moyoni mwangu, mdomo sikuufungua, na wakati nayasema nilikuwa najaribu kukumbuka kama kulikuwa na wiki yoyote mwaka ule ambapo nepi za mdogo wangu zilinukia kitu kingine zaidi ya majani ya mpapai. Mama alikuwa chumbani, mlango umerudishwa, akina shangazi wamemzunguka. Ningeweza kwenda kumuuliza.

Mgeni alinyoosha mkono akachukua kalamu iliyokuwa juu ya daftari la rambirambi, akanitazama. Nikakisogeza kitabu karibu yake. Mstari wa baba hakuupiga. Pembeni ya 61 aliandika 72, akaweka sahihi, akaangalia saa yake ya mkononi, akaandika na saa.